Hospitali Iliyohamia Makaburini

Duka la kuchapisha lililotazamana na kituo kikuu cha mabasi halijawahi kuwa na foleni ya kueleweka, na siku hiyo ndiyo kabisa. Wanafunzi wamekumbatia tasnifu zao, maharusi watarajiwa wanabishania rangi ya kadi, na mzee mmoja anataka picha yake ya ujana ikuzwe mpaka wageni wote sebuleni waone kwamba naye alikuwa mtanashati. Katikati ya vurugu hiyo alisimama dada mmoja mwenye sketi ya bluu iliyopigwa pasi ikapigika, nywele zimesukwa nyuma, uso wa mtu aliyekuja kwa dakika mbili na sasa anaanza kuzeeka hapo hapo.

Kazini walimbatiza Rula. Alikuwa mchoraji wa ramani kwenye kompyuta, na hakuvumilia mstari uliopinda, iwe barabara, iwe pindo la pazia la mtu mwingine.

Mbele yake alisimama jamaa mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, kofia imepauka kwa jua. Printa kubwa ilikuwa ikitema picha yake polepole: mji mzima, umepigwa kutoka angani. Sasa mwonyeshe mtu wa ramani kitu kama hicho halafu umwambie asichungulie. Shingo ya Rula ikarefuka yenyewe.

"Samahani, kaka. Hilo paa la kijani lenye tangi jeusi."

"Limefanya nini?"

"Ni la shangazi yangu."

"Hongera."

"Na hicho cheupe kilichoanikwa karibu na tangi ni gauni lake la kulalia."

Jamaa akainama, akakodoa macho, akanyanyuka taratibu. "Dada, mimi nilirusha droni kupiga picha mji. Sikukusudia kuingia kwenye kabati la bibi wa watu."

"Asikusikie unamwita bibi. Utaijutia hiyo droni."

Akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha wazi, hakina pazia. Alisema wenzake wanamwita Mwewe.

"Kwa sababu unarusha hicho kidude?"

"Na kwa sababu utotoni niliwahi kuiba kuku. Lakini hiyo siwaambii watu mpaka niwazoee."

"Mbona mimi umeniambia?"

"Basi nimeshakuzoea."

Rula alitoka dukani amesahau kilichompeleka. Ilibidi arudi kesho yake kuchukua karatasi zake, na tusidanganyane, alirudi amejipaka wanja. Mwewe naye, kwa bahati ambayo ilionekana kuandaliwa vizuri, alikuwepo.

Haukupita muda, halmashauri ya mji ikatangaza kwamba ukumbi mpya wa kituo cha mabasi utatundikwa ramani ya ukuta mzima, ili msafiri akishuka tu ajue yuko wapi. Kazi wakapewa hao wawili: Mwewe alete picha, Rula alete mistari.

Ramani ya namna hiyo ni mafaili mawili. Chini inakaa picha: mapaa, miti, maji, udongo. Juu yake linalala faili la mistari, wenyewe wanaliita vekta: barabara, mipaka, majina ya mitaa, alama ya hospitali na shule. Ni kama koti na bitana yake. Kitambaa cha nje kizuri, bitana nzuri, lakini ukikata kimoja kwa kipimo chake na kingine kwa kipimo chake, koti halivaliki. Na hapa kukata kulikuwa lazima, maana mafaili yao yalibeba wilaya nzima, na ukuta ulitaka mji na ziwa lake tu.

Wakapatana mipaka, pembe kwa pembe. Kila mmoja akaendelea na upande wake, na simu zikawa hazilali.

"Umekula?"

"Nakula mistari."

"Mistari haina vitamini. Chungulia dirishani."

Rula akichungulia anamkuta yuko chini barabarani, mkono mmoja simu, mkono mwingine mkate na mayai vilivyofungwa kwenye karatasi, anamtazama kama mtu anayesubiri ndege itue.

"Mwewe, una kazi wewe?"

"Ninayo. Ndiyo hii."

Walikuwa wanakaa kwenye benchi la nje ya ofisi, bega kwa bega. Mwewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema anampenda, alisema kavu kavu huku akimenya yai. Rula alifuta vidole vyake kimoja kimoja.

"Nina jambo nikuambie. Mchumba wangu wa kwanza alikuwa wa fani hii hii. Ramani yetu ikaharibika, mkubwa akauliza ni nani, na yule bwana akaninyooshea kidole mbele ya chumba kizima. Kosa lilikuwa lake. Walinicheka mimi, wakanicheka mpaka nikabadilisha kazi."

"Pole, mpenzi."

"Sitaki pole. Sihitaji mwanamume wa kunibebea mkoba wala wa kunifungulia mlango, mikono ninayo. Nataka mtu ambaye siku nikichekwa, atachekwa pamoja na mimi. Nikimkosa huyo, bora nikae na shangazi yangu."

"Kuchekwa ni kazi yangu ya kila siku," Mwewe akasema. "Mtu anayetembea anatazama juu hujikwaa mbele za watu."

Maneno matamu hayo. Lakini maneno hayalipiwi ushuru, kila mtu anapita nayo. Rula aliyapokea, akayaweka moyoni, na usiku ule alimwambia shangazi yake kwamba safari hii huenda amepata.

Shangazi alikuwa fundi wa nguo, mwanamke wa umbo na maamuzi, aliyemlea Rula tangu mdogo. "Mwewe?" akauliza, pini mdomoni. "Mtu na akili zake anamkaribisha mwewe bandani?"

"Mimi si kifaranga, Shangazi."

"Kila kifaranga husema hivyo."

Siku ya kukabidhi faili lake, Rula aliikata mistari kwenye mipaka waliyokubaliana, akaituma, akaenda zake kula kwa shangazi. Nyumba ile ilikuwa na sheria: chakula kikiwa mezani, simu zinazimwa. Mwewe akabaki kuunganisha na kupeleka printa, maana kesho yake asubuhi walitakiwa halmashauri na nakala ya majaribio.

Ukumbi wa halmashauri ulijaa madiwani na wahandisi. Rula alivaa suti yake ya kijivu, viatu vya kisigino kifupi, moyo unadunda kwa furaha. Mkurugenzi wa mji, bwana mnene mwenye sauti ya kuazimwa na maspika, akaamuru ramani ifunguliwe.

Ikafunguliwa. Upande wa magharibi ulikuwa mzuri, ukipenda ungeutia kwenye fremu. Lakini kadiri jicho lilivyokwenda mashariki, mambo yalianza kuachana. Kwanza kidogo: barabara inapita juu ya mapaa badala ya kwenye lami. Halafu zaidi. Ilipofika ziwani, soko la samaki lilikuwa limeingia majini zima zima, na samaki wamelirudia.

Mkurugenzi akavaa miwani, akasogea. "Hospitali kuu iko wapi? Aha. Mmeiweka juu ya makaburi." Akageukia watu wake. "Jamani, wametupunguzia safari."

Ukumbi ulicheka. Ulicheka kile kicheko cha watu wasiohusika, ambacho hakina huruma. Rula alihisi damu yote imempanda masikioni. Hakujua kimetokea nini. Mistari yake aliijua mmoja mmoja, ilikuwa imenyooka.

"Sasa bila mzaha," Mkurugenzi akasema. "Ni nani kati yenu amefanya hivi?"

Rula akamtazama Mwewe. Mwewe alikuwa ameikazia macho ramani, uso umemkunjamana.

"Picha mimi niliikata kwenye mipaka tuliyokubaliana," akasema.

Basi. Hakuongeza neno, na macho yote ya ukumbi yakahama kutoka kwake yakatua kwa Rula. Mmoja akaguna. Mwingine akasema, si kwa sauti ya chini, kwamba kumbe mistari ndiyo imelewa, na kicheko kikaanza upya.

Mkurugenzi aliwapa hadi Jumatatu. Wakishindwa, ukuta atawapa watu wa matangazo ya sabuni. Rula alichukua mkoba wake, akatoka amenyoosha mgongo, na hakulia mpaka alipovuka barabara ya pili.

Simu ikaanza kuita kabla hajafika nyumbani. Akaikata. Ikaita tena. Akaandika ujumbe: "Picha yako uliikata sawa. Nimesikia. Wote tumesikia." Halafu akamfungia namba yake, akalala na suti.

Jumamosi asubuhi shangazi alimkuta mezani amekaa na kikombe cha chai kilichopoa, kompyuta imefungwa mbele yake.

"Wewe umeliangalia hilo faili lako?"

"Langu liko sawa."

"Nimekuuliza umeliangalia. Sijakuuliza likoje."

Hakuna kinachoudhi kama mtu mwenye haki asubuhi. Rula akafungua kompyuta kwa hasira, ili tu amwonyeshe. Akafungua faili alilotuma, akatazama vipimo vya pembeni, akavitazama tena. Urefu wa kwenda juu ulikuwa sahihi. Upana ulipungua. Faili lilikuwa jembamba kuliko walivyokubaliana, na upungufu wote ulikuwa upande mmoja, mashariki.

Mashariki kulikuwa na ziwa. Na katika ziwa yeye hakuchora kitu, maana maji yalikuwa kwenye picha ya Mwewe. Mistari yake iliishia ufukweni. Programu yake, wakati wa kulitoa faili, hutafuta kitu cha mwisho kilichochorwa na kukata hapo. Pasipo na kitu inapatupa. Ramani zake zote za zamani zilikuwa na mstari wa fremu kuzunguka, na fremu hiyo ndiyo iliyokuwa ikishikilia ukingo miaka yote bila yeye kuishukuru. Hii ya ukutani ilitakiwa isiwe na fremu, naye hakuiweka. Ziwa zima likapotea.

Akaegemea kiti. Aibu ilimshika kweli kweli, na ilimuuma kuliko kicheko cha madiwani.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe peke yako?" shangazi akauliza, anatia uzi kwenye sindano.

Rula akafikiri. Faili jembamba haliwezi kujaza picha pana lenyewe. Lingekaa upande mmoja, liache nafasi, na hata kipofu angeiona. Ili lienee, lazima mtu alishike pembe alivute, na likivutwa, kila kitu kinahama kwenda mashariki, hatua kwa hatua, mpaka hospitali inapanda makaburini.

"La. Kuna mwenzangu aliyelivuta."

"Haya. Utampigia, au nimpigie mimi? Namba ninayo."

"Umeipata wapi?"

"Si anapiga hapa tangu jana. Ameniuliza habari za presha, za mguu, mpaka za cherehani. Mtu wa namna hiyo ama ana mapenzi ama anauza bima."

Rula alichukua simu ya shangazi. Ikaita mara moja tu.

"Shikamoo, Shangazi," sauti ya Mwewe ikasema upesi.

"Ni mimi."

Rula akaendelea kabla hajaghairi.

"Mwewe, faili langu lilikuwa fupi upande wa ziwa. Nilisahau kushika ukingo. Kosa langu."

"Na mimi nikalivuta," akasema. "Nilikupigia, simu imezimwa, printa inasubiri. Nikaona ni pengo la kuzibwa tu, nikashika pembe, nikavuta. Nilipoliona soko majini pale ukumbini, nikajua."

"Ulijua pale pale?"

"Ndiyo."

"Na hukusema."

"Walikuwa wanacheka, Rula. Niliogopa. Mdomo ukajiokoa kabla yangu."

"Ukaniacha nichekwe peke yangu."

"Nilikuacha."

Hakujitetea, hakutafuta pa kujificha. Rula alingoja neno "lakini", na halikuja. Hilo lilimlainisha kidogo, kidogo tu.

"Njoo ofisini na picha," akasema. "Kazi tutaimaliza. Hayo mengine sikuahidi chochote."

Alikuja na shati alilofunga vifungo vibaya, upande mmoja umepanda, mwingine umeshuka. Rula aliliona, vidole vikamuwasha, akavikalia. Wakakaa kompyuta mbili, meza moja. Rula alichora kisanduku kitupu juu ya mistari yake, pembe zake zimekaa juu ya mipaka ile ile, kisha akakiondolea rangi na mstari wake mpaka kisionekane. Jicho halikioni, lakini programu inakijua, na haitathubutu tena kutupa ziwa. Wakakata. Wakalaza faili juu ya faili, bila kuvuta, bila kusukuma.

"Kuza pale darajani," Rula akasema.

Mwewe akakuza. Daraja lilikuwa juu ya daraja.

"Hospitali."

Hospitali ilikuwa juu ya paa la hospitali, na makaburi yalikuwa mahali pake, yametulia. Wakaenda ufukweni. Soko lilikuwa nchi kavu. Mwewe alitoa pumzi ndefu, akageuka kumtazama, na Rula akataka sana kumwangukia kifuani. Alimpenda, hilo halikuwa na mjadala. Aliogopa tu kwamba anampenda mtu wa siku za jua, anayetoweka mvua ikinyesha. Akafunga kompyuta yake, akaaga, akaenda.

Jumatatu Mkurugenzi aliikagua ramani kwa kidole mpaka kidole kikachoka, akaipitisha.

Siku ya uzinduzi kituo kilifurika. Abiria na mabegi yao, akina mama na watoto mgongoni, madereva wameacha mabasi yakinguruma nje ya milango iliyo wazi. Rula alivaa gauni la manjano alilolishona shangazi, limekaa mwilini kama lilizaliwa naye. Mwewe alivaa koti la kuazima, mikono ya koti imeishia kabla ya mikono yake mwenyewe. Walisimama mbali mbali, kila mmoja upande wake wa ukuta.

Pazia likaangushwa. Watu wakasema "aaah" kwa pamoja, kisha wakaisogelea, wakaanza kutafuta nyumba zao. "Pale kwangu." "Kwako ni pale kwenye jalala." "Jalala ni la jirani." Rula alisikia raha mpaka magoti.

Kisha Mkurugenzi akashika maikrofoni, na bwana huyo hakuwahi kuuona umati akauacha bila kuuchekesha.

"Ndugu zangu, hii mnayoiona ni ya pili. Ya kwanza, huyu dada yetu mwenye gauni la manjano alikuwa ameipeleka hospitali makaburini. Alitaka kutuzika kabla hatujatibiwa."

Ukumbi ukalipuka. Vichwa mia vikamgeukia Rula. Alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. Safari hii hakumtazama Mwewe. Alitazama sakafu, kwa sababu hakutaka kuona jinsi anavyonyamaza.

Hakuna aliyemuuliza Mwewe kitu. Angeweza kupiga makofi na wengine, akanywa soda yake, akaenda nyumbani. Lakini Rula alisikia hatua, akainua macho, akaona lile koti fupi linapasua watu kwenda mbele.

"Mkurugenzi, naomba hiyo," Mwewe akasema, na hakusubiri kupewa. "Jamani, aliyehamisha hospitali ni mimi. Faili lilikuwa jembamba, na mimi badala ya kusubiri niulize, nikalivuta kama mtu anayevuta shuka fupi. Nikapeleka soko ziwani. Halafu nilipoulizwa mbele ya wakubwa, nikajisafisha, nikamwachia mwenzangu mzigo. Ramani tumeshaisahihisha. Hilo la pili sijalisahihisha, ndiyo maana nimekuja hapa. Kwa hiyo kama mnacheka, nichekeni mimi."

Watu wakamcheka. Walimcheka bila kumpunguzia, na mmoja nyuma akapiga kelele kumuuliza kama koti nalo alilivuta. Mwewe alisimama pale pale, jasho linamtiririka, akainama kidogo kama mtu anayepokea zawadi. Hakuondoka.

Rula hakujua miguu yake ilianza saa ngapi. Alipofika mbele, alimpokonya maikrofoni.

"Nusu ya kicheko ni yangu," akasema. "Faili lilikuwa jembamba kwa sababu yangu. Mimi nilisahau ziwa. Ziwa lote lile, nilipita nikaliacha."

Sasa watu walicheka huku wanapiga makofi, wengine wanafuta machozi. Na ajabu ni kwamba hakikuuma. Rula alisimama mbele ya mji mzima anachekwa, bega lake limegusana na bega la Mwewe, naye akajikuta anacheka kuliko wote.

"Niliuogopa ukumbi huu kuliko kifo," Mwewe akamnong'oneza.

"Nimeona. Umelowa."

"Rula, nataka kukuoa. Najua hapa si mahali pake, tutatafuta siku nzuri, niseme vizuri..."

"Umeshasema."

"Basi fikiria, mpenzi. Chukua muda."

Shangazi, ambaye alikuwa amepenya mpaka nyuma yao akitumia mkoba wake kama jembe, alikohoa. "Achukue muda wa nini? Mjibu mtoto wa watu. Na useme kwa sauti, mimi masikio yangu si yale ya zamani."

Rula akamtazama mwanamume yule, koti la kuazima, paji la uso linang'aa jasho, macho yamejaa hofu na mapenzi kwa kiasi kile kile. Kisha akainua maikrofoni ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima.

"Nimekubali," akasema. "Ninaolewa na huyu."

Sauti yake ikatoka kwenye kila spika ya kituo, ukumbini, vyooni, kwenye madirisha ya tiketi, mpaka nje kwenye maegesho. Madereva hawakuwa wamesikia mwanzo wa habari, wala hawakujua ni nani anaolewa na nani. Walipiga honi hata hivyo, mabasi yote kwa pamoja.